Maana Kumi na Mbili Nilizozitunga

Baba aliileta karatasi ile nyumbani Jumatatu jioni, ameikunja mara nne na kuificha ndani ya kofia yake ya kazi. Ilikuwa karatasi ya stensili, wino umetapakaa pembeni, na juu yake palikuwa na misemo hamsini ya Kiingereza, kila mmoja na namba yake, bila maana hata moja. Baba alikuwa dereva wa polisi katika kikosi kilichoendesha wageni wa serikali, na madereva wote wa kikosi hicho walipewa karatasi kama hiyo. Baada ya majuma matano wangeitwa mmoja mmoja mbele ya maafisa, ofisini Nakasero, katikati ya mji, waeleze maana. Madereva walikuwa kumi na wanne na waliotakiwa ni sita. Wanane wangehamishiwa vituo vya mpakani, na familia zao zingepewa siku saba za kuhama kambi ya polisi.

Kwa nini dereva ahitaji misemo, hakuna aliyetuambia. Gereji walikuwa na hadithi yao. Eti mgeni mmoja wa Ulaya alimwambia dereva kwamba mvua inanyesha paka na mbwa, dereva akasimamisha gari katikati ya barabara ili asiwakanyage. Sidhani kama ni kweli. Siku zile amri ilikuwa inashuka tu kutoka juu, halafu watu wa chini wanaitafutia sababu.

Tulikaa vyumba viwili katika safu ya nyumba za polisi, juu ya kilima, na ukiwa kibarazani ulikuwa unaona reli na mabati ya mtaa wa Namuwongo huko chini. Baba alikuwa mtu wa kaskazini, Mkatoliki, na mama alikuwa Mnubi, Mwislamu. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, na ndicho walichotumia kugombana. Mimi nilikuwa nimeanza kidato cha kwanza, nafasi niliyoitafuta kwa jasho, na huko mpakani hapakuwa na sekondari ya kuendea kwa miguu. Kwa hiyo mtihani ulikuwa wa baba, lakini shule iliyokuwa hatarini ilikuwa yangu. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijua mwenyewe, na niliogopa sana.

Katika misemo hiyo, ile ninayoikumbuka nitaiandika hapa kwa Kiswahili, neno kwa neno, maana hivyo ndivyo ilivyokaa kichwani mwangu. Kiingereza cha shule nilikuwa nakiweza. Nilikuwa wa kwanza darasani, na baba alishaitangaza habari hiyo gereji nzima, hata mafundi wa magari wakawa wananiita profesa nikipita. Sifa zile zilinivimbisha kichwa, siwezi kukataa. Nilipoichukua karatasi na kuipitia mara ya kwanza, nilitingisha kichwa taratibu kama daktari, nikasema, "Hii ni rahisi."

Haikuwa rahisi. Thelathini na minane niliijua. Tuliisoma shule ya msingi kwa mwalimu wetu wa Kiingereza, mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa anatupa misemo mitatu kila Ijumaa. Mwaka uliotangulia Wahindi walifukuzwa, naye akaondoka na masanduku mawili kabla hatujafika mwisho wa kitabu. Badala yake tuliletewa mwalimu wa kilimo. Yeye alitufundisha Kiingereza kwa kutupeleka shambani kupalilia mihogo, na ukimuuliza msemo alikuwa anakuuliza kama umemaliza mstari wako. Ndivyo nilivyobaki na Kiingereza cha nusu, na misemo kumi na miwili nisiyojua ilipotoka wala inapokwenda.

Kila siku saa kumi na moja jioni baba alisimama kibarazani, miguu pamoja, mikono ubavuni, viatu bado havijavuliwa. Nami nilikaa kwenye kigoda na karatasi yangu. Hakujua njia nyingine ya kujifunza. Chuo cha polisi kiliwafundisha kila kitu kwa namba, kuanzia kupiga saluti hadi kubadilisha gurudumu, kwa hiyo nilitaja namba na msemo, naye akapaza sauti ya gwaride mpaka kuku wa majirani wakakimbia.

"Namba nne, mwezi wa bluu!"

"Mala chache sana!" Halafu akashusha sauti. "Lakini nani aliona mwezi ya bluu?"

"Ndiyo maana ni mara chache, baba."

"Kama hakuna mtu aliona, hiyo si mala chache. Hiyo ni hapana."

Ilipofika ule wa saa ya kumi na moja tulikwama nusu saa nzima. Nilimwambia maana yake ni dakika ya mwisho kabisa, mambo yakishakuwa yanafungwa.

"Saa kumi na moja ya asubuhi ama ya jioni?" akauliza.

"Si saa yetu, baba. Ni saa ya Wazungu."

"Saa ya Wazungu kumi na moja ni saa tano yetu. Saa tano ni mapema. Bado hata chai ya ofisi haijaisha."

"Hii Kizungu iko na wazimu," mama akasema kutoka kwenye sigiri yake ya makaa. "Wewe meza tu, usitafune."

Basi baba akawa anameza. Na kwa kuwa alikuwa anameza kila nilichompa, mimi nikaanza kumpa chochote. Nakumbuka siku ya kwanza. Ulikuwa msemo wa namba thelathini na tisa, kupiga teke ndoo. Nilijua kupiga teke, nilijua ndoo, na sikuona kitu kingine. Ningeweza kusema sijui. Baba alikuwa amesimama ananingoja, jasho linamtoka kwenye paji la uso, na jirani zetu wawili walikuwa wamesimama kwenye bomba wanasikiliza. Nikasema, "Kuacha kazi kwa hasira."

"Kuacha kazi kwa hasila!" baba akapaza sauti, na uso ukamng'aa. Hiyo ilimwingia akilini. Alisema anamjua fundi mmoja aliyefanya hivyohivyo, na ndoo kweli ilikuwepo.

Baada ya hapo ilikuwa mteremko. Tembo mweupe nikasema ni mgeni mkubwa kutoka Ulaya. Kuzika shoka nikasema ni kuficha silaha iliyotumika kwenye kosa, nikijua polisi ataipenda hiyo, naye aliipenda. Miguu baridi nikasema ni malaria inapoanza. Kumwaga maharage nikasema ni kutoboa siri, na huo, nilikuja kujua baadaye, niliupata kwa bahati tu. Sikutunga ovyo. Kila mmoja niliukalia, nikautafutia njia, nikaona kwamba ungeweza kuwa hivyo. Mbona ile ya mwalimu haikuwa na akili zaidi? Kama kumvuta mtu mguu ni kumtania, kwa nini miguu baridi isiwe malaria? Kadiri siku zilivyokwenda nilichanganyikiwa hata mimi, nikawa sikumbuki vizuri ipi nilifundishwa na ipi niliizaa kibarazani.

Dawa ya ugonjwa wangu ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Jirani yetu alikuwa dereva wa kikosi hichohicho, mtu wa Teso, mpole, mrefu, na binti yake alikuwa rafiki yangu wa darasa moja. Mjomba wake rafiki yangu alikuwa anasomea upadri katika seminari ya njia ya Ggaba, mbele ya Kansanga, na alikuwa na kitabu kizima cha misemo. Kila Jumapili jirani alipanda baiskeli kwenda huko na kurudi na maana nne tano. Nilijua, kwa sababu ukuta ulikuwa mwembamba na yeye pia alikuwa anakariri. Lakini alikariri kwa kunong'ona.

Hatukuulizana. Sukari ilipopotea madukani tuligawana, chumvi tuliazimana kwa kijiko, na sabuni moja ilikuwa inakatwa vipande viwili kwa uzi. Lakini nafasi zilikuwa sita, na kila nyumba ilikumbatia karatasi yake. Hata mimi na rafiki yangu tulikwenda shule pamoja na kurudi pamoja bila kutaja msemo hata mmoja. Siku moja tu aliniuliza kama tumemaliza. Nikamwambia tumemaliza zamani. Akasema wao bado miwili.

Siku ya mtihani baba alirudi mchana, anacheka tangu kwenye ngazi. Alimshika mama mikono yote miwili, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya mbele yangu.

"Leo baba yako alikuwa Mwingereza!" akaniambia.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwenyekiti alikuwa kapteni wa jeshi aliyeletwa kusimamia kikosi chao mwezi uleule. Kwa vile Kiswahili kilikuwa kimeshatangazwa kuwa lugha ya taifa, aliamuru mtihani wa Kiingereza ufanywe kwa Kiswahili. Karani angesoma msemo, dereva angejibu, kapteni angetazama karatasi ya majibu. Lakini karatasi ya majibu haikuonekana. Aliyeitengeneza alikuwa afisa mmoja wa mafunzo ambaye kwa majuma mawili hakufika kazini, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza aliko. Karani akafungua makabati yote, akatoka jasho. Kapteni akachoka kungoja, akasema aingie mtu wa kwanza.

Waliitwa kwa namba za kazi, na namba ya zamani kuliko zote ilikuwa ya baba. Akaingia, akapiga saluti, akajibu misemo hamsini bila kupumzika wala kupepesa macho, kwa sauti ileile ya kibarazani.

"Kapteni akapiga meza," baba akasema. "Akamwambia kalani, andika! Andika vile huyu mzee nasema. Huyu najua. Hiyo ndiyo jibu."

Hivyo karani akamrudisha baba mwanzo, namba moja hadi hamsini, akaandika yote, na karatasi hiyo ikawa ndiyo karatasi ya majibu ya madereva wengine kumi na watatu.

Mama alikuwa anacheka, baba anacheka, nami nikacheka nao kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu.

Jirani alirudi jioni. Tulimsikia akifungua mlango, kisha mke wake akisema kitu kwa Kiteso, mara mbili, kama anauliza. Kesho yake alikuja kwetu, akakaa kwenye ngazi ya kibaraza, akakubali chai. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo, ningejua pa kusimama. Alikuwa amechanganyikiwa kuliko mimi.

Alieleza polepole. Benchi la kungojea lilikuwa ukumbini, na sauti ya baba ilipita mlangoni kama mlango haupo. Wote waliokaa pale walisikia. Walisikia na kapteni akipiga meza. Basi kila mmoja akaanza kuyabadilisha majibu yake kichwani ili yafanane na ya baba, waliokuwa na kumbukumbu nzuri wakapata mengi, wengine wakapata machache. Yeye peke yake hakubadilisha. Alipomsikia baba akisema kuacha kazi kwa hasira alimwonea huruma, akafikiri, masikini, jirani yangu ameanguka.

"Mimi kwangu kitabu ilisema kufa," akasema. "Kupiga teke ndoo, kufa. Nikasema hivyo. Kapteni akatazama kalatasi, akasema hapana, ni kuacha kazi. Nikasema afande, ni kufa kabisa, iko kwa kitabu. Akaniuliza, kitabu ya nani?"

"Ukasema nini?" baba akauliza.

"Sikusema."

Alifanya vyema kutosema. Kumtaja shemeji yake mbele ya kapteni siku zile, na habari ya kitabu, ilikuwa kumpeleka mtu kwenye maswali yasiyo na mwisho. Basi akakosa kumi na mmoja, na kwa ubishi wake kapteni akamwekea alama ya wino mwekundu ubavuni mwa jina. Alikuwa katika wale wanane.

Kisha akanigeukia mimi. "Binti yangu, ile maana mlitoa wapi?"

Mama alikuwa ananitazama. Baba alikuwa anatazama kikombe chake. Nilikuwa na miaka kumi na minne na ulimi mwepesi kuliko akili.

"Kwa mwalimu wetu," nikasema. "Yule mama wa Kihindi."

Jirani akaitikia kwa kichwa, taratibu. Aliamini. Mwalimu yule alikuwa amevuka bahari, hangeweza kuulizwa, na kila mtu kambini alijua kwamba Kiingereza chake kilikuwa cha juu. "Basi kitabu ya shemeji ni ya zamani," akasema, kama mtu anayejisemesha mwenyewe. "Labda Kizungu wamebadilisha." Akashukuru kwa chai, akaenda kufunga vitu vyake.

Siku ile sikula. Kesho yake baba aliporudi kutoka kazini nilimfuata nyuma ya nyumba alipokuwa anaosha miguu, nikamwambia yote, mmoja baada ya mwingine, misemo yote kumi na miwili. Nilitegemea kipigo. Ningekipokea kwa furaha.

Baba aliacha maji yatiririke mpaka kopo likaisha. "Hata ile ya tembo?" akauliza.

"Hata ya tembo."

"Na ile ya shoka? Ile ilikuwa nzuri sana."

"Nilitunga, baba."

Nilimwona akitaka kuwa mtu mwema, na nilimwona akihesabu nani atapatwa na nini. "Nikienda kusema," akasema, "kapteni ataambiwa alidanganywa mbele ya kalani wake. Yeye ndiye alisema hiyo ndiyo jibu. Sasa nani ataadhibiwa? Mimi. Na jirani yangu hatarudi hata hivyo, kwa sababu atakuwa alijua Kizungu kuliko kapteni." Akavaa ndala zake. "Usimwambie mama yako. Usimwambie mtu."

Ninaandika haya nikiwa mzee kuliko baba wakati ule, na bado sijaamua kama alikuwa mwoga au alikuwa sahihi. Siku nyingine namlaumu. Siku nyingine naona alikuwa na akili kuliko sisi wote. Ninachojua ni kwamba kapteni aliipenda misemo ile, akaanza kuitumia ofisini. Kiti cha mtu kikikaa kitupu siku mbili tatu, kapteni alikuwa anamwambia karani amfute kwenye orodha, huyo amepiga teke ndoo. Baba alikuwa anarudi nyumbani na neno hilo, anakaa nalo mbele ya chakula. Hakujua ashike maana ipi.

Siku ya saba lori lilikuja kwa jirani mapema asubuhi. Nilikwenda kusaidia kubeba. Tulipakia vitanda, sufuria, baiskeli, kuku wawili ndani ya kikapu. Mama alimpa mke wa jirani chumvi yote tuliyokuwa nayo, na wanawake wale wawili wakalia waziwazi, mmoja akisema Mungu yupo na mwingine akisema Allah yupo. Jirani alifunga kamba juu ya mzigo bila haraka. Alisema kituo chake kipya kina barabara mbaya lakini samaki wengi.

Rafiki yangu alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa, chini, karibu na gurudumu la nyuma. Aliponiona mikono mitupu akaniita. Alikuwa na daftari jipya mapajani, lile tulilogawiwa shuleni muhula ule, na kalamu.

"Baba anasema mwaka ujao wataita tena mtihani," akaniambia. "Anataka safari hii apate. Nipe zile za mwalimu, zile tulizokosa sisi. Soma polepole, nisiharibu daftari."

Nilitazama huku na huku. Kapteni hakuwepo. Karani hakuwepo. Hapakuwa na afisa yeyote, ila sisi wawili na godoro. Nilifungua kinywa kumwambia ukweli, nao ulikuwa pale, mfupi kabisa, maneno mawili matatu tu. Halafu baba yangu akatokea mlangoni kwetu amevaa sare, kofia mkononi, akasimama akituangalia.

Nikaanza na ndoo. Rafiki yangu akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kulala, akapigia mstari chini.

"Kweli si kufa?" akauliza.

"Si kufa."

Nikampa shoka, nikampa tembo, nikampa miguu baridi, na hiyo baba yake aliisikia kutoka juu ya mzigo, akainama, akaomba niirudie. Nikairudia. Rafiki yangu hakukosea hata herufi. Alipomaliza wa kumi na moja akapuliza wino ukauke, akafungua ukurasa mweupe, akaniuliza kama kuna mwingine nimesahau kumpa.

Nikamwambia hiyo ndiyo yote.